Kituo cha Sita: Lifti ya Dada

Kazi yangu ni kuwaonyesha watu vitu ambavyo hawakujua kama walikuwa na haja ya kuviona. Makumbusho, masanamu na bustani zenye chemchemi nimewaachia wenzangu wenye mabasi na vipaza sauti. Mimi natembea kwa miguu, wageni kumi na wawili nyuma yangu, na siku zote naanzia nyuma ya ghala la vitambaa, kwenye ngazi za chuma zinazopanda ghorofa tatu nzima kisha zinaishia kwenye ukuta mtupu. Hapo ndipo watu wanapoanza kunipenda. Kutoka hapo tunakwenda kwa kinyozi anayekusanya vioo vya maduka yaliyofungwa. Ukikaa kwenye kiti chake unajiona mara arobaini na huna pa kujificha. Halafu chumba cha vitu vilivyosahauliwa kwenye treni, ambako kuna mguu wa bandia, na mpaka leo sijaelewa mwenyewe alishukaje bila kuukumbuka. Halafu fundi wa funguo. Halafu uchochoro mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana katikati, lazima mmoja arudi kinyumenyume.

Kituo cha sita kilikuwa lifti ya dada yangu. Nasema kilikuwa kwa sababu hakipo tena, na aliyekimaliza ni mimi.

Jengo lenyewe ni la ghorofa saba, la ofisi ndogo ndogo: mawakili, mshona suti, daktari wa meno ghorofa ya tano. Lifti yake ilikuwa ya zamani, ya kuendeshwa kwa mkono. Ilikuwa na mlango wa vyuma wa kukunja, kioo kilichofifia, na mkono wa shaba uliong'aa kwa sababu dada aliushika miaka thelathini na moja. Vitufe havikuwepo. Ukiusukuma mkono kushoto inapanda, ukiuvuta kulia inashuka, na kuisimamisha sawasawa na sakafu ni kazi ya jicho. Dada aliisimamisha bila kuangalia, huku anaongea.

Na kuongea, jamani, aliongea. Watu wa jengo walimwita Redio. Alijua nani kapandishwa cheo na mtoto wa nani kaota jino. Wagonjwa wa daktari wa meno walipopanda wameshika shavu, aliwaambia, "Usiogope mwanangu, yule daktari ana mkono mwepesi. Mimi kaning'oa mawili nikiwa katikati ya hadithi, na hadithi nikaimalizia." Walifika ghorofa ya tano wanacheka. Karani mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa akipitiliza mpaka ya saba na kushuka tena, ili tu asikie mwisho wa habari.

Yeye ni kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba, na katikati yetu hakubaki mtu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minane, na dada akawa ndiye mama. Nikitoka shule nilikwenda kukaa kwenye kona ya lifti na madaftari yangu, nikipanda na kushuka mpaka muda wake wa kazi uishe. Kusoma nimejifunzia kati ya ghorofa ya kwanza na ya saba.

Siku ya kwanza nilipompelekea wageni, alifurahi kupita kiasi. Aliwapokea kama wakwe. Hatujafika hata ghorofa ya pili, alishawaambia kwamba mimi ni mdogo wake, kwamba nilikuwa naogopa lifti mpaka nalia, na kwamba siku moja nilijikojolea palepale, akaonyesha kwa kidole, pale aliposimama bwana mwenye miwani. Bwana mwenye miwani akasogeza mguu. Watu walicheka mpaka lifti ikatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimevaa koti jipya, nimejijengea heshima mtaa kwa mtaa tangu asubuhi, na dada aliibomoa ndani ya dakika moja. Leo ningelitoa koti lile na mengine yote niliyonayo ili nimsikie tena akisimulia hayo. Siku ile nilinuna.

Jioni nilimfuata nyumbani, nikamkuta anamenya viazi.

"Dada, wageni wangu wanapenda mambo yenye siri siri."

"Mimi sina siri."

"Ndiyo shida yenyewe. Nikija na wageni, wewe endesha tu. Kaa kimya."

"Kimya kabisa? Hata salamu?"

"Hata salamu."

Alimenya kiazi kizima kabla ya kunijibu. "Haya. Kama itakusaidia kazini, mdomo nitaufunga. Lakini na mimi siku moja nipeleke kwenye hayo matembezi yako. Kila siku nasikia ngazi, vioo, mguu wa bandia. Mimi naona ukuta tu ukipita."

"Wiki ijayo," nilisema.

Wiki ijayo hiyo ilichukua miaka miwili na zaidi.

Kimya nacho kilihitaji maelezo, na mimi kwa kutia chumvi sijambo. Wageni wakiuliza mbona huyu mama hasemi, niliwaambia kwa sauti ya chini kwamba aliapa. Zamani, nikasema, mtu aliyempenda alishuka ghorofa ya nne, akasema narudi sasa hivi, na hakurudi. Tangu siku hiyo hajatamka neno ndani ya lifti hii. Nilikuwa nayasema hayo dada akiwa amekaa kwenye kigoda chake, ametugeuzia mgongo, anasikia kila kitu. Mara ya kwanza mabega yake yalitikisika, nikajua anajizuia kucheka. Baadaye hayakutikisika tena, na sikujiuliza kwa nini.

Hadithi ilishika. Watu walipanda wakinong'ona, wengine wakafuta machozi tukipita ghorofa ya nne. Nikachapisha vipeperushi vyenye picha ya mgongo wake na maneno makubwa: Mwanamke Aliyeapa Kunyamaza. Nikavimba kichwa. Wageni wakishuka, dada alinikonyeza, na kabla hatujafika barabarani nilimsikia nyuma yetu akianza na abiria wake wa kila siku: "Haya, nilikuwa nimefika wapi?"

Jumatatu moja alinipigia simu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo akiwa kazini.

"Wenye jengo wanataka kuamua," alisema. "Ama waikarabati hii lifti na mimi nibaki, ama waing'oe waweke ya vitufe. Fundi kashasema mashine ni nzima. Kilichobaki wanaleta mkaguzi, aone kama mwendeshaji bado anafaa."

"Sasa nani anafaa kama wewe?"

"Ndiyo maana nakupigia. Nimebakiza miaka mitano, mdogo wangu, nataka niimalizie humu humu. Na meneja kaniambia mkaguzi anaweza kuja kama abiria yeyote, asijitambulishe. Mwezi huu niache niongee. Au usilete wageni."

Kundi la Jumamosi lilikuwa limeshajaa, na nusu yao walivutwa na kile kipeperushi. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, sina la kujitetea.

"Dada, mkaguzi atakuja na kofia ngumu na tochi, utamjua tu. Nipe Jumamosi hii moja, halafu tunapumzika mwezi mzima."

"Haya. Jumamosi moja."

Jumamosi ile kulikuwa na mwanamke mmoja wa makamo, viatu vya kijivu, daftari dogo mkononi. Wageni wangu wengi huandika, sikumtilia maanani. Kwenye ngazi za chuma aliuliza kama kuna mtu anayekagua boliti zake. Nilimjibu kwa utani kwamba ngazi zisizofika popote hazina haja ya ukaguzi. Alitabasamu, akaandika kitu.

Lifti ilibeba watu wanane, kwa hiyo nusu ya wageni walisubiri chini. Mwenye daftari alikuwa kwenye nusu ya kwanza, amesimama nyuma kabisa ya dada. Tulipanda vizuri, nikaanza hadithi yangu ghorofa ya pili kama kawaida ili kiapo kiangukie ghorofa ya nne. Tulipoipita ya tatu, lifti ikasimama.

Lifti zile zina tabia moja. Kila ghorofa ina mlango wake wa vyuma, na mtu akiuegemea ukaachana hata kwa upana wa kidole, lifti inasimama popote ilipo. Ni usalama huo. Na dawa yake ilikuwa moja. Siku zote dada alikuwa akiinua kichwa na kupaza sauti kwenye shimo la lifti: "Wewe wa ghorofa ya tano, toa mgongo wako mlangoni kwangu!" Mtu anaruka, mlango unafunga, safari inaendelea. Sekunde kumi. Nimelisikia hilo tangu nikiwa na madaftari ya shule, na alikuwa hakosei ghorofa.

Dada aligeuza kichwa akaniangalia. Mdomo alikuwa ameshaufungua nusu. Alikuwa ananiomba ruhusa.

Nikatikisa kichwa. Kidogo tu, wageni wasione. Nikumbukapo nilichokuwa nawaza wakati ule, natamani ardhi inimeze. Niliwaza kwamba nina bahati. Tumekwama hapohapo chini ya ghorofa ya nne, hadithi imejileta yenyewe.

Alifunga mdomo. Akabonyeza kengele. Kengele ililia vizuri, lakini aliyeegemea mlango huko juu hakujua kama kengele ile inamhusu yeye. Dakika ya kwanza wageni walitabasamu. Dakika ya tatu binti mmoja alianza kuhema kwa shida, mwenzake akawa anampepea kwa kipeperushi changu.

"Mama, kuna tatizo gani?" mwenye daftari aliuliza.

Dada aliangalia mikono yake.

"Mama, unanisikia? Tufanye nini?"

"Hawezi kukujibu," nilisema kwa ile sauti yangu ya chini. "Aliapa."

Yule mwanamke hakuniangalia hata kidogo. Aliinama mpaka sikioni kwa dada, akauliza mara ya tatu, taratibu, "Mama, tuko salama?" Dada akanitazama tena. Safari hii macho yake hayakuwa yanaomba ruhusa, yalikuwa yananisihi. Mimi nikaangalia dari.

Tulikaa dakika saba. Kisha huko juu mtu aliyekuwa akipiga soga akaondoka zake, mlango ukafunga, tukapanda. Nusu ya pili ya wageni niliwaambia lifti inapumzika. Mwenye daftari alimshukuru dada wakati wa kushuka, na dada akaitikia kwa kichwa.

Barua ilimfikia baada ya wiki mbili. Alinisomea kwa simu, hakupandisha sauti. Mashine inaweza kukarabatiwa, ilisema. Lakini mwendeshaji, lifti ilipokwama dakika saba ikiwa na abiria, hakuwapa maelezo yoyote, na alipoulizwa mara tatu hakujibu. Inapendekezwa iwekwe lifti ya kujiendesha.

Nikapandwa na hasira, ile hasira ya mtu anayejua kosa ni lake. "Sasa kwa nini hukupaza sauti tu?"

"Ulinikataza."

"Lakini dada, watu wamekwama!"

"Ningesema neno moja tu, ungeonekana mwongo mbele ya wageni wako," alisema. "Na ulikuwa umevaa koti lako."

 

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kwa meneja wa jengo, mtu mpole, ambaye mezani kwake kila kitu kimepangwa kwa mstari.

"Anaongea!" nilimwambia kabla sijakaa. "Muulize yeyote humu, wanamwita Redio."

"Namjua. Kila asubuhi ananiuliza kama mgongo wangu umepona."

"Basi! Ni mimi niliyemkataza siku ile. Nimemkataza miaka miwili."

Aliweka kalamu chini. "Ngoja nikuelewe. Abiria wamekwama, na mwendeshaji wangu akaacha kanuni za kazi akafuata amri ya mtembeza wageni?"

Alivuta droo, akatoa kipeperushi changu, kile chenye mgongo wa dada. "Hiki kimebandikwa nyuma ya ripoti. Mimi niliwaambia wenye jengo kwamba mama alishikwa na woga siku ile, ni ubinadamu, angalau apewe haki zake na barua nzuri ya kuagwa. Ukiniandikia hayo unayoniambia, hata hiyo barua hataipata." Akakirudisha kipeperushi kwenye droo. "Nenda nyumbani, ndugu yangu. Umeshasaidia vya kutosha."

Kwa hiyo hata ukweli wangu ulichelewa, ukawa hauna kazi. Walimuaga kwa keki na hotuba fupi. Yule karani wa ghorofa ya tatu alilia waziwazi. Dada aliondoka na kigoda chake, akakiweka karibu na dirisha la sebuleni.

Hakuninunia. Ningefurahi angeninunia, ningejua pa kuanzia. Nikienda ananikaribisha, ananipa chai, ananiuliza kama nimekula. Nikimuuliza habari za siku, anasema nzuri. Nzuri tu, basi. Mtu ambaye angeweza kukusimulia nusu saa juu ya kifungo kilichokatika! Nilikuwa nakaa mle ndani nasikia saa ya ukutani, na nyumba ya dada haikuwahi kuwa mahali pa kusikia saa ya ukutani.

Jumapili moja nilisimama mlangoni kwake bila koti. "Dada, twende. Matembezi yote, wewe peke yako."

"Wiki ijayo imefika?"

"Imefika."

Alivaa viatu vyake vya kufungwa, vile vya kazini.

Kwenye ngazi za chuma alipanda mpaka juu, ingawa goti linamsumbua, akaugusa ukuta kwa kiganja, akashuka. "Aliyezijenga hizi alikuwa na haraka kuliko akili," alisema, na mimi nilicheka kupita kiasi, kwa kuwa ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu kwa miezi. Kwa kinyozi alijiona mara arobaini, akajirekebisha kitambaa cha kichwani mara moja tu. Ule mguu wa bandia aliushika, akamuuliza mtunza chumba kama ni wa kulia au wa kushoto. Mimi sikuwahi hata kuangalia.

Kwa fundi wa funguo ndipo niliponywea. Ukutani kwake kuna ufunguo mkubwa wenye kutu, unaning'inia peke yake. Miaka saba nawaambia wageni kwamba ni wa gereza la zamani ambalo hakuna ajuaye liko wapi. Nilishafungua mdomo, dada akanitangulia.

"Kaka, na ule mkubwa ni wa nini?"

Fundi aliacha tupa yake ya kuchongea funguo mezani. "Ule? Wa nyumba ya wazazi wangu. Nyumba ilibomolewa ipite barabara, mlango ukaenda, mimi nikabaki na ufunguo." Akavuta kiti kwa ajili ya dada. "Unajua hajawahi kutokea mtu akaniuliza?"

"Na huyu je?" Dada alinielekeza kwa kidevu. "Si huleta watu humu kila wiki?"

"Huyu hutangulia kujibu yeye," fundi alisema, bila ubaya wowote.

Walizungumza karibu saa nzima. Nilisikia juu ya mlango ule, rangi yake, mama wa fundi aliyekuwa akiupiga teke kwa kisigino ili ufunguke. Dada alikuwa anacheka, anadakia, anauliza, mikono inapaa. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikimwangalia. Hicho ndicho nilichokuwa nimekikalisha kwenye kigoda na kukigeuzia ukuta, nikawaita watu waje kukitazama mgongo.

Nilipanga tuishie kwenye uchochoro, nimrudishe nyumbani. Lakini tulipotokea upande wa pili yeye alikata kona mwenyewe, nikamfuata, na tukajikuta mbele ya jengo. Mlinzi alimkumbatia. Lifti mpya inang'aa kama sufuria ambayo haijawahi kupikiwa. Milango ilijifungua yenyewe. Dada aliingia, akasita akitafuta pa kusimama, kisha akaenda kwenye kona ya kushoto kilipokuwa kigoda. Nikabonyeza saba.

"Karibu," ilisema sauti ya mwanamke kutoka juu, laini, safi. "Mlango unafungwa. Tunapanda."

Dada aliinua uso.

"Ghorofa ya kwanza," ilisema sauti. "Ghorofa ya pili." Sikujua kama itataja zote. Tulipoipita ya tatu ikasema, "Kwa usalama wako, tafadhali usiegemee mlango."

Dada alibaki ametazama tundu dogo la spika kwa muda mrefu. "Hii," alisema, "wameiruhusu iongee."

"Dada, nisamehe," nilisema. "Nisamehe, dada yangu, mimi ndiye..."

Alininyooshea kiganja, polepole, kama nilivyomwona akiwazuia abiria wasishuke kabla lifti haijasimama.

"Ngoja," alisema. "Usiikatize. Niache nisikilize inavyosema."

Nikanyamaza. Ghorofa ya saba milango ilifunguka, hakuna aliyeshuka, ikafunga tena. Sauti ilitaja ghorofa zote moja baada ya nyingine mpaka chini, na sisi wawili tulikuwa tumesimama tunaisikiliza.